Tema Mate Ujue Afya Yako

Kabla hujafungua kisanduku, kifiche. Ushauri huu hutaukuta kwenye karatasi ya maelekezo, kwa sababu walioiandika hawakukulia Tanga. Kwao kipimo cha DNA ni njia ya kujua kama utapata upara. Kwetu maneno hayo yana maana moja tu, nayo inahusu mtoto, baba mtu, na majirani waliokaa barazani wakingoja majibu. Changu kililetwa mlangoni kwetu hapa Maryland siku nikiwa kazini. Niliporudi nilikikuta katikati ya meza ya kulia, peke yake, kama mshtakiwa kizimbani. Mke wangu alikuwa amekaa upande wa pili.

"Unampima nani?"

Nikamwambia najipima mwenyewe, nataka kujua afya yangu. Akakitazama kisanduku, akawatazama watoto, akanitazama mimi. "Afya," alisema. Kesho yake alfajiri nikapigiwa simu na baba mdogo wa Ngamiani, mtu asiyepiga simu bila shida ya hela, safari hii akitaka tu kunikumbusha kwamba ndoa ni uvumilivu.

Nyumbani mambo haya yana utaratibu wake. Tangu mwaka 2009 Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu, msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali, na huwezi kujiendea tu na mate yako kwenye kikombe. Marekani huhitaji Mkemia wala hakimu. Unahitaji kadi ya benki.

Wala usikimbilie kununua siku yoyote. Ngoja Novemba, ile Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani, Wamarekani wanapopigana vikumbo madukani. Kampuni ya 23andMe, iliyojipa jina kutokana na jozi zetu 23 za kromosomu, ilianza kuuza kisanduku chake mwaka 2007 kwa dola 999. Mwishoni mwa 2012 kilikuwa dola 99. Sijaona bidhaa ikishuka namna hiyo isipokuwa nyanya za Lushoto msimu zinapofurika sokoni. Changu mimi kilitoka kampuni nyingine ambayo sitaitaja, maana bado wana mate yangu.

Utaulizwa kama unataka asili peke yake au asili pamoja na afya. Asili achana nayo. Nilijua natoka Tanga kabla sijalipa.

Sasa tema. Maelekezo yanasema kwa nusu saa kabla ya hapo usile, usinywe, usivute wala usitafune kitu. Mtu wa pwani asome mara mbili: na tambuu imo. Kisha unajaza tyubu hadi kwenye mstari, na mapovu hayahesabiki. Utasema moyoni, mate nayo ni kazi? Dakika ya kwanza yanakuja kwa fahari. Dakika ya tatu ulimi umekauka kama kisigino wakati wa kaskazi, na mstari bado uko mbali. Hapo maelekezo yanakushauri usugue mashavu taratibu kwa nje. Yapuuze. Fikiria embe bichi lililochanjwa, likatiwa chumvi na pilipili, liko mkononi mwa mwanafunzi mwenzako wa darasa la nne aliyekataa kukugawia. Tyubu itajaa na kumwagika.

Ila wakati unatema usimfikirie bibi yako. Bibi yangu alikuwa akikata kucha anazikusanya zote kumi na kuzizika nyuma ya jiko, na nywele zilizobaki kwenye kitana alizichoma, kwa sababu kitu kilichotoka mwilini mwa mtu hakiachwi kikaokotwa na asiyemjua. Tulimcheka sana. Tukasoma, tukavuka bahari, na leo mjukuu wake anakinga mate yake kwenye chupa, anayasajili kwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, anayatuma kwa mtu asiyemjua, na nauli analipa yeye.

Wakati wa kusajili utaletewa fomu ya ridhaa. Nenda moja kwa moja mwisho, utie alama. Ukiisoma utagundua kwamba kuna mahali unapoombwa ruhusa vinasaba vyako vitumike katika utafiti, na utaanza kuuliza maswali yasiyo na faida. Mwaka 2018 kampuni ya dawa ya GSK iliweka dola milioni 300 ndani ya 23andMe ili kutafuta dawa mpya kwa kutumia hazina ile ya vinasaba. Si jambo baya, dawa zitafutwe. Lakini mkulima wa Muheza ataielewa biashara hii upesi kuliko mwanasheria: umechuma machungwa yako, umelipia lori, umempa dalali na chochote, halafu unakuta dalali ana kiwanda cha juisi.

Majibu huchukua wiki kadhaa. Zitumie kujivuna kazini. Mtu akikuuliza maabara inafanya nini hasa, mwambie wanasoma vinasaba vyako, na usiongeze neno, kwa sababu ukiongeza utaharibu. Kitabu cha mwili wako kina herufi kama bilioni tatu. Vipimo hivi vya bei nafuu havikisomi. Vinatumia kibao kidogo chenye vituo laki sita na zaidi, na kila kituo kinachungulia herufi moja iliyochaguliwa tangu mwanzo. Ni sawa na kusoma riwaya kwa kutazama herufi moja, kuruka kurasa mbili au tatu, kutazama nyingine, kisha ukasimama mbele ya darasa kueleza nani alimuua nani. Herufi zenyewe zimechaguliwa kwa akili, sikatai. Lakini ni herufi.

Siku ya majibu, anza na mepesi. Niliarifiwa kwamba nta ya masikio yangu ni ya majimaji, si kavu. Ipo jeni inayoamua jambo hilo, inaitwa ABCC11, na sayansi yake ni ya uhakika kabisa. Kidole changu nacho ni cha uhakika. Nikaarifiwa pia kama naelekea kuona kotmiri ina ladha ya sabuni, jambo ambalo mke wangu angeweza kuwaambia, maana ndiye anayeniona nikifuta sahani. Kisha nikafika kwenye maziwa. Ripoti ilisema kwa upole kwamba kuna uwezekano mkubwa maziwa yananisumbua tumbo. Nilikuwa nimeshika glasi ya pili.

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu babu yangu mzaa mama alikuwa Mparakuyo wa Kilindi, na sitaki alale vibaya huko aliko. Binadamu wengi wakishavuka utoto mwili hupunguza kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa. Watu ambao mababu zao walifuga kwa maelfu ya miaka, wengi wao wana herufi iliyobadilika inayoiacha swichi hiyo ikiwaka hadi uzeeni. Kwa watu wa Ulaya herufi hiyo iko mahali panapoitwa 13910. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba huku kwetu kazi ileile inafanywa na herufi nyingine, hasa ile iliyoko 14010. Mtaa ni uleule, nyumba mia moja mbele. Kipimo changu kilipiga hodi 13910, hakikujibiwa, kikaandika kwenye daftari kwamba mwenyewe hayupo. Nikamaliza glasi.

Usidhani ni uzembe wa siku moja. Mwaka 2016 ilifanywa hesabu ya watu walioshiriki katika tafiti kubwa za kuhusisha vinasaba na maradhi: asilimia 81 walikuwa wa asili ya Ulaya, asilimia 3 wa asili ya Afrika. Kwa hiyo ripoti ikikutajia asilimia zako za kupata kisukari, elewa kwamba umeshonewa suruali kwa vipimo vya mtu wa Norway. Inaweza kukutosha. Jaribu kuinama.

Vipo pia visanduku vinavyotoa ushauri wa mazoezi. Mwaka 2018 kituo kimoja cha televisheni cha Chicago kilizitumia kampuni kadhaa vinasaba vya mbwa. Nyingine zilisema sampuli haisomeki. Moja ikarudisha ripoti inayosifu nguvu za mteja huyo katika ndondi na moyo wake wa kuhimili baiskeli za masafa marefu.

Majibu mazito huwa yamefungwa. Utaulizwa kama una uhakika, utasomeshwa onyo, utaulizwa tena. Hapo kumbuka habari ya James Watson, mmoja wa wale wawili walioeleza umbo la DNA mwaka 1953. Mwaka 2007 alisomewa vinasaba vyake vyote na akakubali vianikwe hadharani, isipokuwa jeni moja, APOE, inayohusiana na Alzheimer, ule ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu uzeeni. Bibi yake alikuwa nao, naye akasema hataki kujua. Huyo ndiye aliyetueleza DNA ilivyo. Wewe umeipata kwa punguzo, kwa hiyo bofya.

Ukishabofya utaambiwa una nakala ngapi za aina iitwayo e4. Kuwa nayo kunaongeza hatari. Wengi walio nayo hawaugui, na wapo wanaougua bila kuwa nayo. Ni habari ambayo usiku wa manane haina mpaka, na mchana haina la kufanya.

Kwa akina mama kuna saratani ya matiti. Machi 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kwa mara ya kwanza kipimo cha nyumbani kutoa majibu ya jeni za BRCA bila daktari. Kiliangalia mabadiliko matatu, yanayojulikana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi. Mabadiliko yanayojulikana ya jeni hizo ni zaidi ya elfu moja. Mama wa Musoma akisoma kwamba hakuna kilichoonekana, apike pilau kwa furaha ileile ambayo angepika kama mlinzi angemwambia: nimekagua milango mitatu ya jiji la Mwanza, hakuna mwizi. FDA yenyewe haikuwa na haraka. Novemba 2013 iliiandikia 23andMe iache kuuza majibu ya afya, ikihofia kwamba mtu atakimbilia kukatwa viungo au kujipunguzia dawa kwa sababu ya kitu alichosoma kwenye kompyuta sebuleni.

Na kama ripoti haijakutisha vya kutosha, pakua data ghafi uipeleke kwenye programu ya mtu baki itakayokuorodheshea maradhi yote. Mwaka 2018 maabara moja ya Marekani ilitangaza kwamba ilipopima upya mabadiliko ambayo wateja walikuwa wameyakuta kwenye data ghafi, asilimia 40 hayakuwepo. Wenyewe walikuwa wameshaaga ndugu.

Kuhusu usalama, tumia nenosiri lilelile unalotumia kwenye barua pepe na kwenye duka la viatu. Hivyo ndivyo walivyofanya wateja wa akaunti kama 14,000 za 23andMe mwaka 2023. Wezi waliokuwa na maneno ya siri yaliyovuja kwingine walijaribu mlango mmoja mmoja, wakaingia, na kwa kuwa akaunti nyingi zilikuwa zimeunganishwa na ndugu wa damu, wakaondoka na habari za watu milioni 6.9. Sisi tunaosema undugu ni kufaana tulikuwa hatujaufikiria kwa upande huo. Nenosiri utabadilisha. Babu humbadilishi.

Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mwanasheria Mkuu wa California akawakumbusha wananchi kwamba wana haki ya kufuta data zao na kutaka mate yao yaharibiwe. Mwisho wake mali ilinunuliwa kwa dola milioni 305 na taasisi isiyo ya kibiashara ya mmoja wa waanzilishi wenyewe, Anne Wojcicki. Wateja walikuwa kama milioni 15. Nilipiga hesabu kwenye risiti ya duka: inafika dola 20 na senti kwa kichwa. Wengine walikuwa wamelipa 999 ili waingie kwenye hesabu hiyo.

Bima nayo usiisahau. Marekani ina sheria ya mwaka 2008 inayowakataza waajiri na bima za matibabu kukubagua kwa vinasaba. Bima ya maisha haimo. Kwa hiyo wakala wa bima ya maisha akikupigia, mzungumze habari za mpira.

Kilichobaki ni kumpelekea daktari. Chapa kurasa zote, kwa rangi. Wangu alizipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kitoto kichanga cha watu, akaziweka pembeni, akaniuliza: kwenu kuna mwenye presha? Nikasema sijui. Kisukari? Sijui. Baba yako alifariki kwa ugonjwa gani? Nikamjibu alifariki ghafla.

"Ghafla si ugonjwa," alisema.

Niliona haya. Sikuwa nimewahi kufikiri hivyo. Kwetu watu hufa ghafla, au huugua kidogo, au kuna mkono wa mtu. Daktari akanifunga ule mpira mkononi, akajaza upepo, akasikiliza, akarudia mkono wa pili, na kwa muda wa kuchemsha chai akawa ameshajua jambo ambalo kurasa zangu za rangi hazikulitaja. Natumia kidonge kila asubuhi sasa. Kisha akazifungua kurasa, kwa adabu nadhani, na akasimama kwenye moja niliyoipita haraka kwa sababu haikuwa na asilimia: mbeba selimundu.

Ukurasa huo, kejeli zangu zote hazijauweza. Ni herufi moja, inajulikana, na vibao hivi vinaisoma. Mwenye nakala moja kwa kawaida haugui. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alieleza kwamba nakala hiyo moja inamkinga mtu na malaria, ndiyo maana imejaa kwetu tulikoishi na mbu. Mwenye mbili ndiye anayeugua. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Daktari alitaka tuhakikishe kwa kipimo cha damu, na akasema mke wangu naye apime.

Nilirudi nyumbani nimebeba habari hiyo kama yai. Mke wangu aliendelea kukunja nguo. "Mimi nilipimwa kliniki, mimba ya kwanza," alisema. "Sina. Nilikwambia siku hiyohiyo, ukasema sawa."

Basi nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna, nataka tu kuuliza wazee wetu waliugua nini. Akanyamaza kidogo, akamwambia mtu apunguze redio. Alizungumza dakika arobaini. Baba yangu alikuwa na presha tangu mimi niko darasa la pili. Vidonge aliviacha kila alipojisikia nafuu. Babu alikatwa mguu kwa kisukari, si kwa msumari kama tulivyoambiwa watoto. Na alikuwapo kaka yao mwingine, aliyemfuata baba, ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia. Kila masika alilia viungo usiku kucha. Walimpeleka kwa waganga wawili, wakasema ni jini la baharini. Alikuwa na miaka saba. Miaka mingi baadaye, nesi mmoja akimsikiliza shangazi akisimulia, alimwambia ile ilikuwa damu.

"Mbona hamkutuambia?"

"Hukuuliza, baba. Ulikuwa unasoma." Kisha akauliza, "Na wewe nani kakwambia habari za damu, huko?"

Nikamweleza kisanduku, tyubu, mstari na mapovu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Sasa hayo mate," alisema, "umeyaacha kwa nani?"